Marie Curie, mjane aliyekamilisha kipimo cha radiamu

Desemba mwaka 1898, Marie Curie na mumewe, Pierre, pamoja na mwenzao Gustave Bémont, walitangaza jijini Paris kuwa wamegundua elementi mpya, radiamu. Baadhi ya wanakemia hawakuridhika. Kwao, elementi isiyojulikana uzito wa atomi yake ilikuwa bado haijathibitika.

Marie, aliyezaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1867, aliamua kuutafuta uzito huo. Katika banda lililovuja, alichemsha na kuchuja tani kadhaa za mabaki ya mawe ya urani kutoka Bohemia. Hadi mwaka 1902 alikuwa amepata takriban gramu 0.1 tu ya kloridi ya radiamu.

Aliipima chumvi hiyo, akaiyeyusha katika maji, kisha akatia nitrati ya fedha ili klorini yote ijitenge kama mashapo. Uzito wa mashapo ulimwonyesha kiasi cha klorini. Kilichosalia kilikuwa radiamu. Kwa kuwa atomi moja ya radiamu hushikana na atomi mbili za klorini, hesabu ilimpa 225.

Mwaka 1906 Pierre alifariki dunia baada ya kugongwa na mkokoteni wa farasi. Mjane huyo hakuiacha kazi. Mwaka 1907 alirudia kipimo kwa chumvi safi zaidi, akapata zaidi kidogo ya 226, namba iliyo karibu sana na ile inayokubalika leo.

Mwaka 1911 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Alifariki mwaka 1934 kwa maradhi ya damu yanayohusishwa na mionzi aliyofanya nayo kazi.