Alan Turing: Aliyegundua ukomo wa kompyuta kabla ya kompyuta

Chukulia programu ya kusajili wakulima wa zabibu Dodoma. Majina yakiwekwa kwa mfuatano wa kuingia, kuongeza mapya ni rahisi, ila kumtafuta mtu kunachukua muda. Yakipangwa kwa alfabeti, kutafuta ni chapchap, kuongeza ndiyo kazi. Kwa nini kompyuta isijichagulie yenyewe mpangilio bora?

Jibu lilikuwepo tangu 1936, kabla ya kompyuta za kisasa. Aliyelitoa ni Alan Turing, kijana ambaye hata miaka 25 hajafikisha.

Turing alizaliwa London Juni 23, 1912. Akiwa Cambridge alibuni mashine ya kufikirika tu, inayosoma na kuandika alama kwenye utepe. Kwa mashine hiyo alithibitisha kuwa hakuna njia moja ya kukagua programu yoyote ile na kutabiri mwenendo wake bila kukosea kamwe.

Kwa lugha ya leo iko hivi: tuseme kuna mtabiri anayejua kama programu itasimama au itazunguka milele. Mtu ataandika programu inayomuuliza mtabiri kuhusu yenyewe, kisha inafanya kinyume. Mtabiri kwisha habari yake!

Kuchagua mpangilio wa data nako kunadai utabiri: programu itatafuta mara ngapi, itaongeza mara ngapi? Kompyuta inaweza kukisia, na mara nyingi ikapatia. Uhakika kwa kila programu haupo.

Vita ilipoanza 1939, Turing alijiunga na kituo cha Bletchley Park, akasaidia kufumbua ujumbe wa Enigma wa Wajerumani. Kazi kama hiyo ilifika hadi Mombasa: mwaka 1942 Waingereza walikuwa na kituo Kilindini cha kufumbua siri za jeshi la majini la Japani.

Lakini mwaka 1952 nchi hiyohiyo aliyoitumikia ilimtia hatiani kwa uhusiano na mwanamume mwenzake. Ili kukwepa jela alikubali kupewa homoni. Juni 7, 1954 alifariki kwa sumu ya sianidi akiwa na miaka 41; uchunguzi ulisema alijiua.

Msamaha wa kifalme ulitoka 2013, miaka 59 baada ya kifo chake. Uthibitisho wake haujatenguka mpaka leo, na kompyuta kuongezewa kasi hakutautengua.