Humphry Davy: Msomi aliyefichua siri ya kukinga chuma dhidi ya kutu

MTU anayesafiri katika barabara ya Waiyaki Way kutoka Westlands kuelekea magharibi huyaacha majumba marefu ya vioo, na punde si punde huona mapaa ya mabati yaliyosongamana katika mtaa wa Kangemi.

Baadhi ya mapaa hayo yangali yaking'aa juani. Mengine yamegeuka mekundu kama udongo wa mtaa wenyewe, na wenye nyumba hutega ndoo sakafuni kila msimu wa mvua unapowadia.

Yote yaliuzwa dukani kwa jina lile lile la mabati. Tofauti baina yao mara nyingi haimo katika chuma chenyewe, bali katika utando wa zinki uliopakwa juu yake, utando mwembamba kuliko unywele wa binadamu.

Wengi hudhani kwamba zinki hiyo ni kama rangi tu, kwamba kazi yake ni kuzuia maji yasikifikie chuma. Ukweli ni kwamba zinki hufanya zaidi ya hapo. Hata utando ukikwaruzwa na chuma kikabaki uchi, zinki iliyo kando hukubali kuliwa ili chuma kisiliwe.

Aliyekuwa wa kwanza kuichunguza siri hiyo kwa kina na kuijaribu baharini ni Sir Humphry Davy, mwanakemia Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1829. Jina lake si geni kwa wanafunzi wa kemia katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, hapo hapo Westlands, kwani ndiye aliyezitenga kwa mara ya kwanza madini za sodiamu na potasiamu. Lakini kazi yake kuhusu kutu, ambayo inamgusa kila mwenye paa la bati, haitajwi sana. Huenda sababu ni kwamba katika uhai wake ilimletea fedheha badala ya sifa.

Davy alizaliwa Desemba 17, 1778, katika mji wa Penzance, kwenye rasi ya Cornwall iliyoko kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, Robert, alikuwa mchonga mbao ambaye hakujaliwa mali. Alipofariki mwaka wa 1794 aliiachia familia madeni, naye Humphry, aliyekuwa kifungua mimba, alikuwa na umri wa miaka 15 pekee.

Mwaka uliofuata kijana huyo alipelekwa kuwa mwanagenzi wa tabibu mmoja mjini humo. Kazi yake ilikuwa kuchanganya dawa, na hapo ndipo alipoanza kujisomea kemia.

Hakuwahi kuingia chuo kikuu. Hata hivyo, kufikia mwaka wa 1798 kipaji chake kilikuwa kimemfikia Dkt Thomas Beddoes, aliyemwajiri katika taasisi yake ya Bristol iliyochunguza iwapo gesi zingeweza kutibu maradhi.

Huko Davy alizoea kuvuta gesi hizo mwenyewe ili kujua zinavyomwathiri binadamu. Nusura moja yazo imuue. Nyingine, inayofahamika kama gesi ya kuchekesha, ilimpumbaza na kumwondolea maumivu ya jino. Katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1800 alipendekeza kwamba ingeweza kuwafaa wagonjwa wanaopasuliwa. Madaktari walipuuza wazo hilo kwa zaidi ya miaka 40.

Mnamo 1801 aliajiriwa na Royal Institution jijini London. Mihadhara yake, iliyojaa cheche na milipuko, iliwavutia mabwana na mabibi wa tabaka la juu kwa mamia.

Wakati huo Alessandro Volta wa Italia alikuwa ametangaza uvumbuzi wa betri ya kwanza. Davy aling'amua kwamba umeme wa betri hiyo ulitokana na mabadiliko ya kikemia yaliyotendeka baina ya metali mbili tofauti. Basi aliwaza kinyume chake: ikiwa kemia huzalisha umeme, umeme nao waweza kuvunja viungo vya kemia.

Mnamo Oktoba 1807 alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa, akapata potasiamu, na siku chache baadaye akapata sodiamu. Mwaka uliofuata alitenga kalisiamu, magnesiamu, bariamu na strontiamu. Ingawa Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, wasomi wa Ufaransa walimtunukia nishani kwa utafiti wake wa umeme.

Mwaka wa 1812 alitunukiwa cheo cha Sir na kumwoa Jane Apreece, mjane aliyekuwa na utajiri mkubwa. Mwaka huo huo mlipuko maabarani ulimjeruhi macho. Alihitaji msaidizi, na mnamo Machi 1813 alimwajiri kijana mfunga vitabu aliyeitwa Michael Faraday, mwana wa mhunzi. Faraday naye angekuja kuwa miongoni mwa wanasayansi wakuu wa karne hiyo.

Sifa za Davy zilifika kileleni mwaka wa 1815. Miaka mitatu kabla ya hapo, mlipuko katika mgodi wa makaa wa Felling uliua watu 92. Davy aliunda taa ambayo mwali wake ulizungushiwa wavu wa waya, hivi kwamba moto haukuweza kuifikia gesi ya mgodini. Hakudai hataza wala malipo ya uvumbuzi huo. Mwaka wa 1820 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi nchini humo.

Ni akiwa katika cheo hicho ndipo Jeshi la Wanamaji lilipomwendea na tatizo mnamo 1823.

Meli za wakati huo zilikuwa za mbao. Kama vile mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanavyopaka deheni chini ya chombo ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao, Waingereza walifunika matumbo ya meli zao kwa mabamba ya shaba. Tatizo ni kwamba maji ya chumvi yaliila shaba hiyo upesi, na gharama ya kuibadilisha ilikuwa kubwa mno.

Wengi walidhani kwamba shaba yenyewe ilikuwa chafu. Davy alikataa. Alisema kuliwa kwa metali ni jambo la umeme. Metali mbili zinapogusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri ndogo: moja huliwa, na nyingine husalimika. Zinki na chuma huliwa upesi kuliko shaba. Hivyo basi, ukikifunga kipande cha zinki au cha chuma kwenye shaba, kipande hicho kitaliwa na shaba itabaki salama.

Majaribio yalimthibitisha. Mnamo 1824 aliwaeleza wenzake kwamba kipande cha kinga chenye eneo la kati ya 1/40 na 1/150 ya eneo la shaba kilitosha kuizuia isiliwe. Mwaka huo alisafiri kwa meli ya HMS Comet hadi Norway ili kuijaribu kinga yake baharini. Wakuu wa jeshi walifurahi, na meli zikaanza kufungwa vipande hivyo.

Furaha haikudumu. Meli ziliporejea kutoka safari ndefu, shaba ilikuwa nzima kama alivyoahidi, lakini ilikuwa imefunikwa na mwani na viumbe wenye magamba walioganda kwa wingi. Meli zilikuwa nzito na mwendo wao ulikuwa wa pole.

Sababu yake ilikuwa chungu. Shaba inapoliwa kidogo kidogo hutoa sumu majini, na sumu hiyo ndiyo iliyowafukuza viumbe hao. Davy alipoizuia shaba isiliwe, aliizuia pia isitoe sumu. Kinga yake ilikuwa imefaulu kupita kiasi. Alikuwa ameijua vyema tabia ya metali, ila hakuwa ameuliza ni kazi gani nyingine iliyofanywa na ule uharibifu aliotaka kuukomesha.

Mnamo 1825 jeshi liliamuru vipande vya kinga viondolewe katika meli za safari za baharini. Magazeti yalimkejeli. Mtu aliyekuwa amezoea kushangiliwa alijikuta akichekwa na umma.

Miaka hiyo pia ilidhihirisha udhaifu wake. Faraday alipopendekezwa kujiunga na Royal Society, Davy alimpinga, lakini msaidizi wake wa zamani alichaguliwa mwaka wa 1824. Wengi waliona kwamba mwalimu alikuwa ameingiwa na wivu.

Mwishoni mwa 1826 Davy alipatwa na kiharusi. Alijiuzulu urais wa chama mwaka uliofuata na kuanza kuzurura barani Ulaya akitafuta nafuu. Alifariki mjini Geneva, Uswisi, Mei 29, 1829, akiwa na umri wa miaka 50, na akazikwa huko huko. Hakuacha mtoto.

Hakujua kwamba mwezi mmoja tu kabla ya kifo chake, mhandisi Henry Robinson Palmer jijini London alikuwa amepata hataza ya kukunja mabamba ya chuma yawe na mawimbi ili yapate nguvu bila kuongezwa uzito. Hilo ndilo umbo la bati tulijualo. Kasoro yake ilikuwa moja: liliota kutu.

Dawa ilipatikana mwaka wa 1837. Mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kutumbukiza chuma kilichosafishwa ndani ya zinki iliyoyeyuka. Zinki huyeyuka katika joto la nyuzi 420 hivi za Selisiasi, na viwandani chuma hutumbukizwa katika joto la takriban nyuzi 450, ambapo metali hizo mbili huungana kabisa. Njia hiyo ilipewa jina la Luigi Galvani, Mwitaliano aliyechunguza umeme katika misuli ya chura. Lakini kanuni inayoifanya ifae ni ile ile aliyoieleza Davy.

Safari hii hapakuwa na mwani wala magamba ya kuiharibu sifa yake. Juu ya paa, zinki ilitakiwa kufanya jambo moja tu, nalo ni kuliwa polepole badala ya chuma.

Mabati hayo yalienea ulimwenguni. Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, kambi iliyozaliwa hapo ilijengwa kwa mahema, mbao na mabati. Baadaye nchi ilianza kujitengenezea. Kiwanda cha Mabati Rolling Mills kilianzishwa mwaka wa 1962, na Mariakani katika Kaunti ya Kilifi ni miongoni mwa vituo vyake vya uzalishaji.

Kanuni ya Davy haikukomea kwenye mapaa. Mnamo 1928 mhandisi Robert Kuhn wa Marekani aliitumia kukinga mabomba ya gesi yaliyofukiwa ardhini. Hivi leo mabomba ya mafuta, matangi na meli za chuma kote duniani hukingwa kwa njia hiyo, ama kwa vipande vya zinki, magnesiamu na aluminiamu, ama kwa umeme unaotoka nje.

Utando wenyewe umeboreshwa pia. Tangu 1972 kumekuwa na mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa asilimia 55 ya aluminiamu, asilimia 43.4 ya zinki na asilimia 1.6 ya silikoni. Aluminiamu hukinga kwa kufunika na hudumu zaidi. Zinki husalia kwa ajili ya mikwaruzo na kingo zilizokatwa.

Kwa mjenzi wa Kangemi au kwingineko, historia hii ina manufaa ya moja kwa moja. Mnunuzi huuliza geji ya bati, na hufahamu kwamba geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Lakini geji hueleza unene wa bamba, wala haisemi limepakwa zinki kiasi gani. Mabati mawili ya geji moja yaweza kutofautiana kwa miaka mingi.

Swali linalofaa kuulizwa ni uzito wa utando kwa kila mita mraba. Bati lenye gramu 275 za zinki, ukijumlisha pande zote mbili, lina utando wa takriban sehemu 20 za elfu za milimita kila upande. Lenye gramu 100 lina sehemu saba hivi tu. Kwa kuwa zinki huliwa kidogo kidogo, maisha ya bati hufuata kiasi cha zinki kilichopo. Huko Mombasa, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, huliwa upesi zaidi kuliko Nairobi.

Aidha, mabati mapya hayafai kurundikwa yakiwa na maji, kwani huota ungaunga mweupe, ishara kwamba zinki imeanza kuliwa kabla ya kupanda paani. Wala haifai kuyagusisha na shaba. Davy alionyesha kwamba zinki ikikutana na shaba penye maji, zinki ndiyo huangamia.

Alichokikosea Davy hakikuwa sayansi, bali mahali pa kuitumia. Wenzake walipoona meli zimeota magamba walidhani wazo lote limekufa. Halikufa. Lilihitaji kutoka tumboni mwa meli ya shaba na kuhamia kwenye chuma, na leo limetanda juu ya vichwa vya maelfu ya watu katika vitongoji vya Westlands, likiliwa kimya kimya kila mvua inaponyesha.