Yohani Kinyala Lauwo: Mwenyeji wa Njia ya Kibo

Mkazi wa Bumula anapotazama kaskazini asubuhi isiyo na mawingu, huuona Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Barafu iliyowahi kuufunika iliyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Zimesalia simulizi za wazee. Makala haya yanamhusu mzee wa mlima mwingine, Kilimanjaro, ambaye simulizi yake nusura ipotee kwa kuwa haikuandikwa.

Yohani Kinyala Lauwo alikuwa Mchaga wa Marangu. Mwaka wa kuzaliwa unaotajwa ni 1871. Alikulia miteremkoni, akaujua msitu kama ua wa kwao. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer, ambaye barafu ya Kibo ilikwisha kumshinda mwaka 1887, alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mkwea milima wa Austria. Mangi Marealle aliwapokea. Kwa mujibu wa masimulizi ya Marangu, Kinyala ndiye aliyeteuliwa kuwaonyesha njia. Tarehe 6 Oktoba wageni hao walifika kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Meyer alichapisha kitabu chake mwaka 1890. Humo kilele ni cha watu wawili tu, na anayetajwa kukaa nao katika kambi ya juu ni Mwini Amani, Mswahili wa Pangani. Kinyala aliendelea na kazi ya kuwaongoza wapandaji kwa miongo mingi. Mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka 100 ya safari ile, ndipo alipotambuliwa rasmi na kuzawadiwa nyumba. Alifariki mwaka 1996.

Wapo wanaoutilia shaka umri wake, na hata kuwapo kwake katika safari ya 1889. Shaka hiyo haifai kupuuzwa, kwani kumbukumbu ya uzeeni huweza kuunganisha safari kadhaa zikawa moja. Hata hivyo, kitabu nacho kina mwenyewe, na mwenye kalamu huanza na jina lake. Iwe Kinyala aliishia msituni au ukingoni mwa barafu, ni dhahiri kwamba wageni hawakuuvuka msitu ule pasipo wenyeji.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi basi asiliamini andiko kwa kuwa ni andiko, wala simulizi kwa kuwa ni yetu. Avipime vyote viwili. Wazee wanaozijua njia za mapango ya Masaba wangali nasi. Tuwaendee sasa, tuandike masimulizi yao pamoja na majina yao.