Nasser na Redio Iliyosema Kiswahili

Ukimtaja Gamal Abdel Nasser hapa chuoni, wengi watakumbuka Mfereji wa Suez, basi. Mimi namkumbuka zaidi kwa redio.

Alizaliwa Alexandria, Misri, Januari 15, 1918, mtoto wa karani wa posta. Akawa mwanajeshi, akapigana Palestina mwaka 1948, na Julai 23, 1952 yeye na maofisa wenzake wakampindua Mfalme Farouk. Asubuhi ile Wamisri walipata habari redioni, zikisomwa na Anwar Sadat.

Nasser alilishika somo hilo. Mwaka 1953 ikaanza Sauti ya Waarabu, na mwaka 1954 Redio Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Hebu fikiria: Tanganyika, Zanzibar na Uganda ziko chini ya Mwingereza, Kenya iko kwenye hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, halafu unafungua redio unasikia mkoloni anasemwa wazi, tena kwa lugha yako. Waingereza hawakupenda hata kidogo. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanzisha matangazo ya Kiswahili.

Hata Suez yenyewe ilichukuliwa kwa redio. Julai 26, 1956 Nasser alihutubia Alexandria, hotuba ikirushwa nchi nzima. Ndani yake alitaja jina la de Lesseps, Mfaransa aliyeusimamia uchimbaji wa mfereji. Kumbe jina hilo lilikuwa ishara. Watu wake waliokuwa wakisikiliza wakaenda kuzishika ofisi za kampuni ya mfereji. Uingereza, Ufaransa na Israel zikaivamia Misri, na ndege za Uingereza zikapiga mitambo ya Redio Cairo. Mtu hapotezi mabomu kwa kitu asichokiogopa.

Lakini kuna upande wa pili, nao lazima usemwe. Juni 5, 1967 Israel iliziteketeza ndege za kivita za Misri zikiwa bado ardhini, ndani ya saa chache. Sauti ya Waarabu ikawa inatangaza ushindi, eti ndege za adui zinaanguka kwa makumi. Siku nne baadaye Nasser mwenyewe akatangaza kushindwa na kujiuzulu. Watu walifurika barabarani kumkatalia, akabaki madarakani. Redio yake haikusamehewa hivyo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Septemba 28, 1970, akiwa na miaka 52.

Kwetu Busawe, Serengeti, mzee akisema jambo limetangazwa redioni, ubishi umekwisha. Imani ya namna hiyo ndiyo Cairo iliichezea. Wenzangu mnaosomea uandishi wa habari, pimeni wenyewe: mwaka 1956 redio ile ilipigwa mabomu na bado watu wakaiamini. Mwaka 1967 kilichoiangusha ni maneno yake yenyewe.