Mchungaji Dann, Mtetezi wa Wanyama

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za Christian Adam Dann, mchungaji wa nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Alizaliwa mjini Tübingen mwaka 1758. Alikuwa mhubiri asiyeogopa nyuso za watu. Mwaka 1812, katika mazishi ya mwigizaji mmoja huko Stuttgart, alinena maneno yaliyowaudhi wakubwa. Naye akaondolewa mjini, akapelekwa kutumika vijijini, kwanza Öschingen, kisha Mössingen.

Huko Mössingen korongo aliyekuwa na kiota chake kijijini alipigwa risasi akafa. Korongo wa Ulaya ndio hao tuwaonao Afrika wakati wanapoikimbia baridi ya kwao. Jambo hilo lilimchoma Dann moyo. Mwaka 1822 akatoa kitabu kidogo, ambamo wanyama wenyewe wawasihi wanadamu, mabwana zao, wawahurumie, kwa kuwa wote ni viumbe wa Muumba mmoja.

Mwaka 1824 alirudishwa Stuttgart, wala hakuliacha neno lake. Alifariki Machi 1837. Mwaka uo huo rafiki yake, Mchungaji Albert Knapp, mtunzi wa nyimbo za kanisa, akaanzisha mjini humo chama cha kuwalinda wanyama, cha kwanza katika nchi za Ujerumani. Mwaka 1839 serikali ya Württemberg ikaweka adhabu kwa watesao wanyama.

Lakini sheria za kwanza zilikuwa na upungufu. Ile ya Ujerumani nzima ya mwaka 1871 ilimwadhibu yule tu aliyemtesa mnyama hadharani, au kwa namna ya kuwachukiza watu. Mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba, akitetemeka katika theluji pasipo kuonwa na mtu, hakuwa na mtetezi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1933, na mwaka 1974 ikatoka amri maalum juu ya mbwa wakaao nje.

Amri iliyoifuata, ya mwaka 2001, yaeleza wazi. Mbwa akaaye nje apewe kibanda kilichojengwa kwa vitu vizuiavyo baridi na visivyomdhuru. Kiwe na nafasi ya kumtosha kugeuka na kulala pakavu, lakini kisiwe kikubwa mno, ili joto la mwili wake liweze kukipasha moto. Tena nje ya kibanda awe na mahali pa kulala penye kivuli, pasipopigwa na mvua wala upepo, na chini pasipitishe baridi.

Basi twaona ya kuwa mnyama huteswa kwa fimbo, naye huteswa pia kwa kusahauliwa. Mvua inyeshapo usiku, sisi tumelala chini ya paa. Na tuzunguke nyuma ya nyumba, tumtazame yeye atulindaye: je, amelala pakavu?