Adrian Atiman: Mtoto Aliyeuzwa, Daktari wa Karema



Leo tumkumbuke katekista Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, nchini Mali, miaka ya 1860. Akiwa bado mtoto mdogo aliibwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara. Hana baba, hana mama, hata kesho yake si yake. Ungemtazama siku ile ungesema huyu basi tena, amekwisha.

Kumbe bado! Huko Algeria Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walimkomboa. Kardinali Lavigerie akawapeleka yeye na vijana wenzake Malta kusomea udaktari. Mwaka 1888 akaja Zanzibar, akaingia bara na msafara. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Nchi hizo zilijua minyororo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora kwenda ziwani, na watumwa na pembe za ndovu walipitishwa humo. Yule aliyewahi kuuzwa akawa anatibu wagonjwa wa huku. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Yosefu akawa padri. Atiman alihudumu Karema miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956.

Sasa angalia mambo mawili. Kwanza, Atiman hakujikomboa mwenyewe, alikombolewa na wengine. Pili, alikuwa katekista na daktari kwa pamoja: alifundisha sala na alitoa dawa, wala havikugombana.

Nasema hivi kwa sababu wapo wenzetu ambao wazo la kujiua huwajia: matokeo mabaya ya mtihani, mimba, kuachwa, ugomvi nyumbani. Saa ya uchungu si saa ya kuamua. Uchungu unakuonyesha ukuta tu, hauonyeshi Karema yako.

Kama ni wewe, usibaki peke yako na wazo hilo. Mwambie mtu leo hii: mama, shangazi, mwalimu, padri. Nenda kituo cha afya, huo nao ni ugonjwa unaotibika. Kutibiwa si kukosa imani. Na rafiki akikunong'oneza siri hiyo, usiitunze. Kaa naye, mpeleke kwa mtu mzima.

Ee Bwana, utupe moyo wa kungoja asubuhi. Amina.