Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Morogoro lililovuka mpaka uliofungwa

Januari 1979, mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa kwa karibu miaka miwili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, ndege za shirika la pamoja zilikuwa zimeacha kuruka, na kaskazini magharibi mwa Tanzania majeshi yalikuwa yakipambana na yale ya Idi Amin wa Uganda. Mfanyabiashara aliyezoea kupitisha mzigo Namanga, Holili au Horohoro alikuwa ama amebadilisha kazi, ama amejifunza njia za panya.

Katika hali hiyo, tarehe 12 ya mwezi huo, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki dunia mjini Mombasa kutokana na ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34. Hakukuwa na mpiga gitaa wa Tanzania aliyejulikana zaidi yake, na Wakenya walimhesabu kama wao.

Msiba ule ulitokea Mombasa, si Morogoro wala Dar es Salaam, na sababu yake ni ya kibiashara. Bidhaa ya Mbaraka ilitungwa Tanzania, lakini kiwanda na sehemu kubwa ya soko lake vilikuwa Kenya. Maisha yake yote ya kazi yalipita kati ya pande hizo mbili.

Mji wa bendi mbili

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 na akakulia Morogoro, mji ulioko chini ya milima ya Uluguru, takribani kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Reli ya Kati inapita hapo. Barabara nazo zinagawana hapo, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa hadi Zambia. Pembeni yalikuwapo mashamba makubwa ya mkonge, yaliyovuta vibarua kutoka kila upande wa nchi na hata nje yake.

Mji wa namna hiyo una wasafiri, una watu wanaolipwa mishahara, na una usiku wa mwisho wa wiki unaohitaji burudani. Ndiyo maana Morogoro, ingawa haikuwa kubwa, iliweza kulisha bendi mbili zilizojulikana nchi nzima. Moja ilikuwa Morogoro Jazz, iliyoanza miaka ya 1940. Nyingine ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kijana aliyekuwa ameanza na kikundi cha La Paloma mwaka 1948, na ambaye nyimbo zake zilitolewa kwenye santuri na lebo ya Mzuri ya Kenya.

Kwa hiyo Mbaraka alipokuwa bado mvulana, njia alikwishaionyeshwa. Mtu wa mji wake alikuwa amethibitisha kwamba wimbo uliotungwa Morogoro unaweza kuvuka mpaka na kurudi nyumbani ukiwa bidhaa ya dukani.

Kijana wa miaka 20

Katikati ya miaka ya 1960, akiwa na umri wa takribani miaka 20, Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz. Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki, naye pia kwa ajali ya barabarani, na uongozi wa Cuban Marimba ukaishia mikononi mwa Juma Kilaza. Ushindani wa Kilaza na Mbaraka uliugawa mji. Mashabiki walikuwa na upande, kama ilivyo leo kwa timu za mpira.

Maisha ya bendi changa ya wakati ule hayakuwa ya anasa. Mazoezi yalikuwa mchana na kazi ilikuwa usiku. Kipato kilitegemea viingilio vya mlangoni, na mvua ikinyesha jioni ya Jumamosi, hesabu ya mwezi iliharibika. Bendi ilisafiri na vyombo vyake kwa treni, basi au lori. Spika ikipasuka au waya wa gitaa ukikatika, kipuri chake kilikuwa kitu cha kutoka nje ya nchi.

Hapo ndipo palipokuwa na swali kubwa kwa kila kijana aliyetaka kupiga muziki: vyombo ni vya nani? Gitaa la umeme, vikuza sauti na saksafoni vilikuwa mtaji mkubwa kuliko uwezo wa mpigaji wa kawaida. Bendi nyingi ziliishi chini ya tajiri mmoja au chini ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lilikuwa na yake, na umoja wa vijana wa TANU nao ukaanzisha Vijana Jazz. Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa na mshahara. Lakini akiondoka, aliondoka mikono mitupu, gitaa likabaki.

Ndani ya Morogoro Jazz, Mbaraka alipanda haraka. Alitunga, aliimba na kupiga gitaa la solo, kazi tatu ambazo katika bendi nyingi hufanywa na watu watatu. Vidole vyake vilikuwa na sauti iliyotambulika baada ya noti chache. Muziki wa Kongo ulikuwa ukivuma kote Afrika Mashariki na alijifunza kutoka kwake, lakini nyimbo zake zilibaki za Kiswahili na za mambo ya hapa. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alitunga wimbo wa kumwomboleza.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 huko Osaka, Japani. Kwa bendi ya mji wa mkoani, safari hiyo ilikuwa kubwa mno, na Mbaraka akaitungia wimbo. Alikuwa na umri wa miaka 26 na jina lake lilikuwa linatajwa kabla ya jina la bendi.

Redio nyumbani, kiwanda Nairobi

Kurekodi kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio na wapigaji wote wakapiga kwa pamoja, kama wako ukumbini, huku kanda kubwa ikizunguka. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Kanda hiyo ilibaki maktaba ya redio na wimbo ukapigwa hewani. Malipo yalikuwa madogo, lakini matangazo yalifika kila kijiji chenye redio, na mawimbi hayakusimama forodhani. Msikilizaji wa Mombasa au Taveta alimsikia Mbaraka sawa na msikilizaji wa Kilosa.

Njia ya pili ilikuwa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nairobi ilikuwa nacho, pamoja na studio na makampuni ya kimataifa. Bendi ya Tanzania iliyotaka wimbo wake uuzwe dukani ilielekea kaskazini. Wimbo mrefu wa dansi uligawanywa vipande viwili, nusu upande wa kwanza wa santuri ndogo na nusu upande wa pili, ndiyo sababu nyimbo nyingi za enzi hizo hukatika katikati na kuanza tena. Kisha santuri zikarudi kusini kwa mabasi na malori, na mchuuzi wa Arusha, Moshi au Tanga akaziuza.

Wakati Mbaraka anaanza kazi, biashara hiyo ilikuwa rahisi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja kutoka Morogoro hadi Nairobi na Kampala. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa sarafu yake. Mwaka 1967 Jumuiya ikaundwa rasmi kwa mkataba uliotiwa saini Kampala, ila fedha zilishatengana, na miaka ya 1970 udhibiti wa fedha za kigeni ukazidi kukaza.

Wapo waliochagua kuhama kabisa. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walipitia Arusha, wakahamia Kenya na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Mbaraka hakufuata njia hiyo. Alibaki na bendi yake Tanzania, akawa anakwenda na kurudi.

Bendi yake mwenyewe

Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, bendi aliyoiongoza hadi kifo chake. Kwa nchi iliyokuwa ikijenga ujamaa, ambako bendi nyingi zilikuwa za mashirika ya umma, kijana wa miaka 29 kusimamisha bendi yake ulikuwa uamuzi wa hatari. Hakukuwa na mshahara wa serikali wala chama cha kununua spika. Kulikuwa na viingilio, kulikuwa na santuri, na kulikuwa na soko la Kenya.

Soko hilo lilimbeba. Nyimbo zake zilitoka Nairobi kwa lebo ya Polydor, na Shida ukawa wimbo uliomtambulisha kote Afrika Mashariki. Mwingine, Jogoo la Shamba, ulichukua jina kutoka methali inayosema kwamba jogoo huyo hawiki mjini. Yeye mwenyewe, mtu wa Morogoro, aliwika Nairobi na Mombasa.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kwa biashara ya Mbaraka pigo lilikuwa la pande mbili. Santuri za Nairobi hazikuwa na njia halali ya kwenda kwa mashabiki wa nyumbani. Na mapato ya upande wa Kenya yalikuwa katika shilingi ambayo haikuweza kuvushwa bila idhini za fedha za kigeni. Wanamuziki wengi wa wakati huo walilipwa mara moja kwa kazi ya studio na mambo yakaishia hapo. Hata aliyestahili mrabaha alikuwa na kazi ya kuufikisha nyumbani.

Wakati huohuo kaseti zilikuwa zinaingia. Mwenye redio ya kaseti aliweza kukaa sebuleni, akarekodi wimbo kutoka hewani, akamnakilia jirani. Mchuuzi mwenye mashine mbili aliweza kufanya vivyo hivyo kwa mamia. Nyimbo za Mbaraka zilisambaa hivyo pande zote mbili za mpaka, na kila nakala ilikuwa na mnunuzi na muuzaji, lakini mtunzi hakuwamo katika hesabu.

Mombasa, ambako muziki wake ulipendwa kama ulivyopendwa kwao, ndiko maisha yake yalikokatikia mapema mwaka 1979. Salum Abdallah aliondoka kwa ajali akiwa hajafika miaka 40, na mrithi wa sifa zake akafuata miaka 13 baadaye kwa njia ileile. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Kufikia hapo Mbaraka alikuwa na karibu miaka mitano kaburini.

Kanda zilibaki na nani

Baada ya kifo chake, kampuni ya Nairobi ilikusanya nyimbo alizorekodi na kuzitoa kwa mfululizo wa santuri zilizoitwa Ukumbusho. Zilinunuliwa, zikanakiliwa kwenye kaseti, kisha kwenye diski, na leo ziko kwenye simu. Zilitoka Nairobi kwa sababu kanda zilikuwa Nairobi. Zile za redio zilibaki Dar es Salaam, katika maktaba ya redio ya taifa. Bendi aliyoiunda ilimpa uhuru wa kuchagua atunge nini na apige wapi, lakini kanda ya mwisho, ambayo ndiyo ghala la mwanamuziki, ilikuwa kwenye rafu za wengine.

Sheria mpya ya hakimiliki ya Tanzania, iliyoleta COSOTA, ilipitishwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya msiba wa Mombasa. Mwaka huohuo, Novemba, marais wa Tanzania, Kenya na Uganda walitia saini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya. Namanga sasa ina kituo cha pamoja cha forodha, ambapo msafiri anamaliza taratibu za nchi mbili chini ya paa moja.

Mfanyabiashara anayesubiri hati zake hapo ana uwezekano mkubwa wa kusikia gitaa la Mbaraka likitoka kwenye basi la upande wowote, na abiria wa kila upande wakiitikia maneno bila kukosea. Mbaraka alikuwa na soko hilo la pamoja kabla halijaandikwa kwenye mkataba wa sasa. Alichokosa ni kile ambacho mwenye mzigo wa leo hukikagua kabla ya kuvuka: karatasi inayosema mali ni ya nani, na njia ya kuifikisha fedha nyumbani.